UZI: Mabuli ya udongo ya Yixing – udongo wake, mikono inayoyafinyanga, na namna ya kuyatumia

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam.

Ndugu zetu wengi wanaokwenda Guangzhou kufunga mzigo hurudi na zawadi ya buli dogo la udongo, jekundu au kahawia, ndani ya boksi lenye kitambaa cha manjano. Likifika nyumbani linaingia kwenye kabati la vyombo na halitoki tena. Nimekaa China muda mrefu, kwanza nikisoma Nanjing, sasa kwa biashara, na chai ya kule imekuwa sehemu ya siku yangu. Naumia kuona chombo kilichofinyangwa kwa ajili ya kazi kikigeuzwa pambo. Naumia zaidi nikikuta mtu kauziwa kitu cha kiwandani kwa bei ya kazi ya mkono. Ndiyo maana ya uzi huu.

Tuanze na mahali. Yixing ni mji wa jimbo la Jiangsu, magharibi mwa ziwa Taihu, na kiutawala uko chini ya Wuxi. Ufinyanzi wenyewe umejikita mji mdogo wa Dingshu, na udongo uliowapa jina umetoka hasa mlima Huanglongshan, pale pale jirani. Unaitwa zisha, yaani mchanga wa zambarau. Usidhani ni tope la mtoni. Unachimbwa ukiwa mgumu kama jiwe, unaachwa nje upigwe na jua, mvua na baridi mpaka upasuke wenyewe. Kisha unasagwa, unachekechwa, unakandwa na maji, unatunzwa na unyevu wake kwa miezi, wengine kwa miaka, ndipo uguswe.

Aina kubwa ni tatu. Zini ni ule wa kahawia inayoelekea zambarau, na ndio ulioenea. Kuna mwekundu, na ndani ya wekundu huo kuna zhuni, laini sana, unaosinyaa kupita kiasi tanurini kiasi kwamba mabuli mengi yanapasuka au kupinda. Ndiyo sababu buli la zhuni halisi huwa dogo na bei yake imechangamka. Halafu kuna duanni, unaotoka tanurini na rangi ya manjano kama ya mchanga. Machimbo ya Huanglongshan yalifungwa mwanzoni mwa karne hii, kwa hiyo mafundi wengi wanategemea akiba. Akikwambia muuzaji kwamba kila buli dukani kwake ni la udongo wa mlima huo, mwache amalize kusema, uende duka la pili.

Sasa historia, kwa sababu bila hiyo umbo la buli halieleweki. Enzi ya nasaba ya Song (960–1279), Wachina walishindilia chai ikawa vipande, wakaisaga unga, wakaipiga kwa mchapo wa mwanzi ndani ya bakuli. Mabakuli meusi ya Jian, kutoka Fujian, ndiyo yaliyokuwa na sifa. Mwaka 1391, Hongwu, mfalme wa kwanza wa nasaba ya Ming, aliamuru chai ya kodi iletwe ikulu ikiwa majani matupu, isishindiliwe tena. Majani yanataka kulowekwa, na kuloweka kunataka chombo chenye kifuniko na mdomo. Hapo buli likapata kazi.

Simulizi za Yixing zinampa heshima ya kwanza Gong Chun, mtumishi wa msomi mmoja aliyekwenda kujisomea kwenye hekalu la Jinsha mwanzoni mwa karne ya 16. Inasemwa alijifunza kwa mtawa wa hekalu hilo, akafinyanga buli lenye umbo la nundu la mti wa ginko. Baada yake akaja Shi Dabin, mwishoni mwa Ming. Alianza na mabuli makubwa. Alipokaa na wasomi wanywaji chai akayapunguza, na kuanzia hapo buli dogo la kushikwa kwa mkono mmoja ndilo likawa kipimo cha ufundi.

Ngoja nile, nitarudi na namna yanavyofinyangwa.

#2 Mchangiaji, Mwanza

Mkuu umenikamata. Mimi ninalo moja, kaka yangu aliniletea mwaka juzi. Nilikuwa najua ni la kuwekea maua madogo. Endelea, nipo.

#3 Mwanzisha uzi

Shukrani mkuu. Tuendelee.

Dingshu nimekaa kwenye karakana ya familia moja, baba na binti yake, nikawatazama kutwa nzima. Kitu cha kwanza kinachomshangaza mgeni ni kwamba hakuna gurudumu la kasi kama la mfinyanzi wa chungu. Buli la Yixing linajengwa kwa kupigwa.

Binti anachukua donge, analilaza kwenye meza nzito, anaanza kulipiga kwa nyundo pana ya mti. Hapigi kwa nguvu; anapiga kwa mpangilio. Donge linakuwa mkanda mrefu, unene wake milimita chache, sawa toka ncha hadi ncha. Anaukata kingo, anaukunja kuwa duara, anaunganisha ncha zake. Anapata silinda isiyo na chini wala juu, anaisimamisha kwenye kisahani kinachozungushwa kwa mkono. Vidole vya kushoto vinaingia ndani, mkono wa kulia unashika kibao chembamba, anapiga kwa nje huku anazungusha. Ukuta unaanza kujikunja, juu panasinyaa, bega linatokea. Pale palipobaki wazi anapaziba kwa kipande cha duara, anageuza chini juu, anarudia upande wa pili. Kwa muda mfupi tu ana kitu cha mviringo kilichofungwa pande zote na hewa ndani, na mtu asiyejua hawezi kuamini kwamba kilianza kama mkanda.

Mabuli ya pembe nne au sita yana njia yake. Vibamba vinakatwa kimoja kimoja kwa vipimo, vinaunganishwa kwenye kingo kwa udongo mlaini. Mafundi wenyewe wanasema hiyo ndiyo kazi ngumu, kwa kuwa tanuri halisamehe mstari ulionyooka.

Mdomo, mshikio na kifuniko vinatengenezwa peke yake na kubandikwa. Halafu inakuja hatua ambayo mimi naipenda kuliko zote. Baba alitoa kipande cha pembe ya ng'ombe kilichochongwa kikawa chembamba, kinanesa ukikibonyeza. Akakilowesha, akakipitisha kwenye ngozi ya buli polepole, duara baada ya duara. Chembe za mchanga zinazama, udongo laini unapanda juu, na uso unakuwa kama umepigwa pasi. Hakuna kupaka kitu cha kung'arisha kama kwenye kaure. Mng'ao wote unaouona kwenye buli zuri unatokana na kipande hicho cha pembe, na baadaye na mikono ya mwenye nyumba.

Likikauka linachomwa kwenye joto la nyuzi 1,100 hadi 1,200 hivi. Kifuniko kinachomwa kikiwa juu ya buli lake, visinyae pamoja, vishikane. Zamani walitumia tanuri refu lililolala kwenye mteremko wa kilima, wanaliita tanuri la joka, moto unaanzia chini na kupanda, na kuni zinatiwa kupitia matundu ya ubavuni. Liko moja la Qianshu, hapo hapo Dingshu, la tangu enzi ya Ming na bado linawashwa. Siku hizi kazi nyingi inachomwa kwa umeme au gesi, na sioni ubaya wake. Joto linadhibitika.

Jambo moja zaidi kuhusu hawa mafundi. Mwanzoni mwa karne ya 19 kulikuwa na hakimu wa Liyang, wilaya jirani, jina lake Chen Hongshou (1768–1822), wengi wanamwita Mansheng. Alikuwa mchoraji, mwandishi wa hati na mchonga mihuri. Alibuni maumbo, mfinyanzi Yang Pengnian na nduguze wakayafinyanga, yeye na rafiki zake wakachonga maneno kwenye ubavu. Kabla ya hapo buli lilikuwa chombo kizuri. Tangu hapo likawa pia ukurasa wa shairi. Mpaka leo ukigeuza buli utakuta muhuri wa fundi chini, na mara nyingine chini ya mshikio na ndani ya kifuniko. Fundi aliyeheshimiwa kuliko wote karne ya 20 ni Gu Jingzhou (1915–1996). Buli lake moja liliuzwa Beijing mwaka 2010 kwa zaidi ya yuan milioni 12. Na mwaka 2006 ufundi huu uliingizwa kwenye orodha ya kwanza ya urithi wa taifa usioshikika wa China.

#4 Mchangiaji, Dar es Salaam

Mkuu, milioni 12 tuwaachie wenyewe. Sisi wa kawaida tunajuaje kama hili la kwetu ni la mkono au la mashine? Na hicho cheti kinachokuja ndani ya boksi kina maana yoyote?

#5 Mwanzisha uzi

Swali muhimu mkuu, na wengi wanapigwa hapa.

Kuna madaraja. La juu ni la mkono mtupu, kama nilivyoeleza. La pili ni la mkono nusu: mfinyanzi anapiga bamba lake, lakini anaukandamiza mwili ndani ya kalibu ya plasta, kisha mdomo, kifuniko na umaliziaji anafanya mwenyewe. Kalibu za plasta zilianza kutumika katikati ya karne ya 20 viwanda vya ushirika vilipoanza, na mabuli mengi mazuri yametoka humo. Mimi sina neno nayo, mradi muuzaji aseme ukweli. La tatu ni la kumimina. Udongo unafanywa uji, unatiwa kemikali ya kuufanya utiririke, unamiminwa kwenye kalibu. Linatoka lenye uso wa kioo, jepesi, lililo sawa mno na mwenzake. Hili ndilo linalojaa maduka ya zawadi, na linauzwa kwa hadithi ya lile la kwanza.

Kuhusu cheti: China ina ngazi rasmi za mafundi wa sanaa za mikono, kuanzia msaidizi mpaka bingwa wa taifa. Ngazi ni za kweli. Tatizo ni kwamba mwenye ngazi anaweza kugonga muhuri wake kwenye buli lililofinyangwa na mtu mwingine, na jambo hili kule linajulikana na kulalamikiwa sana. Kwa hiyo cheti kisome mwishoni, ukishaliona buli.

Unaliangaliaje? Anza na kifuniko. Jaza maji, mimina, huku unaziba kwa kidole kile kitundu kidogo cha juu. Maji yakikatika, kifuniko kimekaa. Ukikizungusha kisikwaruze. Mdomo, ukingo wa juu na mshikio viwe kwenye usawa mmoja. Mtindo wa shuiping umepewa jina kwa usawa huo, na lililofanywa vizuri huelea kwenye bakuli la maji bila kulala upande. Maji yatoke mkondo mmoja mzito, na ukisimamisha lisidondoke matone kwenye meza. Hayo yote yanakuonyesha mkono wa fundi. Udongo ni somo lingine: jihadhari na rangi inayowaka, kijani kibichi au nyekundu ya lipstiki. Mwaka 2010 televisheni ya taifa, CCTV, ilionyesha vyombo vilivyouzwa kwa jina la zisha kumbe ni udongo wa kawaida uliotiwa rangi kwa oksidi ya chuma na manganizi. Ukimimina maji ya moto ukasikia harufu ya dawa au ya rangi ya kiatu, usinywee.

Na usiamini alama za ndani peke yake. Watu wanasema tafuta ule mshono wa mkanda karibu na mshikio. Ni kweli unaonekana kwenye kazi ya mkono, lakini hata la kalibu linaweza kuchorewa.

#6 Mchangiaji, Kericho

Mkubwa, huku kwetu chai ndiyo maisha. Nikitia majani yetu ya kiwandani kwenye hilo buli na maziwa kidogo itakuwaje?

#7 Mwanzisha uzi

Ndugu yangu, maziwa hapana kabisa. Wala sukari, wala tangawizi, wala iliki. Udongo huu una vinyweleo, kama mtungi wa maji wa bibi unaotoa jasho. Harufu ikiingia haitoki, na maziwa yataoza humo.

Majani ya CTC, yaani hayo ya kiwandani, pia hayafai hapa. Yamesagwa na kuviringwa yawe chembe ndogo ili yatoe rangi haraka na kubeba maziwa, na kwa kazi hiyo chai ya Kenya haina mpinzani. Kwenye buli dogo yataziba mdomo, na uchungu utatoka wote mara moja. Buli hili linataka jani zima linalofunguka taratibu. Na Kenya mnazo chai za jani zima, tena mna chai ya zambarau, ile aina ya mche inayoitwa TRFK 306 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 2011. Ukiipata ikiwa jani zima, ijaribu. Mimi nimefanya hivyo kwenye zini dogo na nimeipenda sana, ina ukali mfupi mwanzoni kisha utamu unaobaki kooni.

Namna ya kuandaa chai: buli la mililita 100 au 120, majani gramu 5 hadi 7, yaani theluthi ya buli au zaidi. Kwa mtu aliyezoea strungi itaonekana ni mengi mno. Maji yanayochemka. Mmimino wa kwanza unasuuza majani na kupasha vikombe, unamwagwa. Wa pili sekunde 10 hivi, kisha unaongeza kidogo kidogo. Chai nzuri ya oolong, ile iliyo kati ya chai ya kijani na nyeusi, inakwenda mara sita, saba au zaidi, na kila mara ina ladha yake.

#8 Mchangiaji, Muscat

Assalaam alaykum. Ahsante sana ndugu yangu kwa maelezo. Mie ninalo la zawadi toka kwa mume wangu, likitia vumbi kabatini. Naogopa kulitumia nikaliharibu. Nianzie wapi? Na nilioshe kwa sabuni?

#9 Mwanzisha uzi

Waalaykum salaam dada yangu. Sabuni usiiguse, kwa sababu ile ile ya vinyweleo. Lisugue vumbi la tanuri kwa maji moto na kitambaa laini, ndani na nje. Halafu lijaze maji yanayochemka, lifunike, likipoa mwaga, urudie. Wapo wanaolichemsha sufuriani na mambo mengi. Si lazima, na likigongana na sufuria linaweza kumegeka mdomo. Lipashe kwanza kwa maji ya vuguvugu kabla ya kutia ya moto sana, hasa likiwa la zhuni na nyumba ina kiyoyozi.

Baada ya hapo chagua aina moja ya chai ya kutumia humo. Oolong yenye harufu kali inakaa vizuri kwenye zhuni jembamba. Pu'er, chai ya Yunnan iliyochachushwa, na chai nyeusi za jani zima zinapenda zini. Chai ya kijani tumia kaure au glasi, buli linaipika. Ukimaliza kunywa, toa majani, suuza kwa maji moto, acha kifuniko wazi mpaka likauke kabisa. Anayefunika buli bichi atakuta ukungu.

Maji nayo yaangalie. Ya kisima yenye chumvi, kama ya sehemu nyingi za Dar na nadhani hata huko Ghuba kwenye mabomba mengine, yanaacha weupe kwenye udongo na kuua chai. Tumia ya chupa yenye madini kidogo.

Ukilitumia kila siku na kulifuta kwa kitambaa likiwa bado la moto, baada ya miezi utaona mng'ao unakuja kutoka ndani. Wachina wanasema wanalilea buli. Usilipake mafuta ya chai kwa nje ili ling'ae haraka, utapata utando unaonata.

#10 Mchangiaji, Uholanzi

Nichangie kidogo. Niko karibu na Delft. Mabuli haya yaliingia huku karne ya 17 pamoja na chai yenyewe, kwa meli za Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki. Mfinyanzi wa hapa, Ary de Milde, akaanza kuyaiga kwa udongo mwekundu. Ndugu wawili wa familia ya Elers wakafanya hivyo Staffordshire, Uingereza, miaka ya 1690. Na Böttger wa Ujerumani, kabla hajafanikisha kaure ya Meissen, alianza na vyombo vyekundu vya namna hiyo. Kwa hiyo buli la chai la Ulaya lina baba Yixing. Makumbusho ya huku ukiyaona pamoja, umbo ni lile lile.

#11 Mchangiaji, Dar es Salaam

Mimi nina mashaka. Nimefanya kazi Guangdong. Habari ya kwamba buli linaongeza ladha naona ni maneno ya wauzaji wa Fangcun, soko la chai la Guangzhou. Watu wa Chaozhou, mji wa huko huko Guangdong, nilioishi nao wananywa kwa kaure siku nzima na chai yao ni tamu kupita zote.

#12 Mwanzisha uzi

Mkuu, kuhusu Chaozhou niko nawe mia kwa mia. Pale hata fundi pikipiki ana sinia la chai mlangoni. Na kaure ni mwaminifu: inakuonyesha chai ilivyo, na mabaya yake yote. Ndiyo maana nikinunua majani mapya naonja kwanza kwa kaure.

Lakini jaribu hivi. Chukua chai moja, gramu zile zile, maji yale yale, sekunde zile zile, kaure upande huu na buli zuri upande ule. Kwenye buli harufu inapungua kidogo na mwili wa chai unakuwa mzito, ukali unalainika. Sehemu ya hilo ni joto: ukuta wa udongo na kifuniko kinachobana vinatunza moto kuliko bakuli lililo wazi. Sehemu ni vinyweleo. Kwa chai nyepesi yenye harufu ya maua ni hasara, kaure inashinda. Kwa pu'er au oolong iliyochomwa sana ni faida, na siwezi kurudi nyuma. Madai ya kwamba buli la zamani likitiwa maji matupu linatoa chai, hayo nakubaliana nawe, ni ya kuuzia.

Halafu Chaozhou nao wana mabuli yao ya udongo mwekundu, ila wao wanayavuta kwa gurudumu. Seti yao ya asili ni jiko dogo la udongo, birika la udongo la kuchemshia, buli na vikombe vidogo vya kaure. Mkaa bora kwao ni wa kokwa za zeituni za Kichina, hautoi moshi. Kwa bei, buli la Chaozhou la mkono ni mlango mzuri kwa anayeanza. Kwa fedha ambayo Yixing inakupa la kumimina, Chaozhou unaweza kupata lililopitia mikononi mwa mtu.

#13 Mchangiaji, Mwanza

Mkuu, la kwangu nimelitoa kwenye maua. Nimefanya jaribio la kidole, maji yamekatika. Lina muhuri chini. Nina oolong ya Tieguanyin niliyopewa na Mchina wa kazini. Vikombe vitatu vidogo, wageni wawili jioni. Namimina vipi ili wote wapate sawa?

#14 Mwanzisha uzi

Hongera mkuu. Tieguanyin inalifaa, anza nayo.

Vikombe vitatu visogeze vigusane. Usijaze kimoja kwanza ukaenda kingine, maana chai ya mwanzo ni nyepesi na ya mwisho ni nzito. Zungusha buli juu ya vikombe vyote bila kusimama, kila kimoja kidogo, duara baada ya duara. Watu wa Chaozhou wanaita Guan Gong anakagua mji, Guan Gong akiwa yule jenerali wa zama za Falme Tatu. Likibaki tone tone, usiliache ndani, ndilo lenye nguvu kuliko yote. Ligawe tone moja kila kikombe kwa zamu mpaka buli likauke. Hapo wanasema Han Xin, jenerali mwingine wa kale, anahesabu askari wake. Maji yakibaki kwenye majani, mmimino unaofuata utakuwa mchungu.

Kidole cha shahada kiweke juu ya kitufe cha kifuniko ukimimina, ila usizibe kile kitundu.